Fyuzi iliyoungua usiitupe

Anayetuletea pawasaplai ya redio (kisanduku kinachoigeuzia redio umeme wa ukutani) kwenye warsha yetu hapa Kampala huombwa kitu kimoja kabla ya yote: fyuzi iliyoungua. Karibu kila mtu ameshaitupa.

Itazame kwenye mwanga. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati tu, yaelekea ilizidiwa kidogo kidogo au imechoka. Kioo kikiwa cheusi, au kimepakwa rangi ya fedha, uzi ulilipuka: kuna shoti. Ukitia nyingine utaiunguza bure.

Sehemu inayofuata ni ya fundi. Chomoa plagi, toa chaji ya kapasita kubwa, ile inayotunza umeme, kwa rizista (bisibisi hapana), ondoa redio, tia fyuzi sahihi. Unganisha balbu ya wati 100, ile ya kizamani inayochoma mkono, kwa mfululizo na waya wa laini (ule wenye umeme), kisha washa. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, kapasita zimejaa, shwari. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti imo ndani. Zima, tenga nyaya za upande wa pili wa transfoma, jaribu tena. Ikiwaka bado, transfoma ndiyo mgonjwa. Ikififia, anza na dayodi za rektifaya (zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC): dayodi nzima hupitisha upande mmoja, iliyokufa kwa shoti mita hulia pande zote mbili. Kapasita zifuate.

Saplai ikiwa nzima bila redio, geukia redio. Huku kwetu nyingi hutumia betri ya gari au sola, na siku moja mtu hugeuza nyekundu na nyeusi. Dayodi ya ulinzi iliyomo ndani hupitisha mkondo wote ili fyuzi ikatike, na mara nyingi hufia hapo hapo. Mwenyewe anarekebisha nyaya, anatia fyuzi, inaungua tena, anaapa redio imelogwa. Ibadilishe dayodi hiyo.

Vifaa vya mitumba kutoka Marekani vina lao. Umeme wetu ni volti 240, vyao 120. Ukihamisha swichi ya volti nyuma ya saplai, fyuzi nayo ishuke nusu: ya ampea 6 iwe 3. Iwe yenye herufi T, inayochelewa, maana transfoma kubwa huvuta mkondo mkali inapowashwa, na yenye F hukatika hata pasipo hitilafu.

Mwezi uliopita tulipokea saplai ambayo fyuzi yake ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hitilafu ilikuwa dayodi moja. Kwa vile hakuna kilichokatika, transfoma iliendelea kuchemka mpaka vanishi inayofunika nyaya zake ikayeyuka. Dayodi tuliibadilisha kwa dakika 10. Transfoma bado iko kwa msukaji, anaisuka nyaya upya.