Ndege haikusubiri umalize kula

Wengi huamini kwamba ukishakabidhi begi na kupewa pasi ya kupandia, ndege haiwezi kukuacha. Basi wanaagiza chipsi kuku pale Uwanja wa Julius Nyerere, wakihesabu hadi saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Sivyo. Saa ile ni ya ndege kuondoka. Geti hufungwa mapema, mara nyingi dakika 15 hadi 20 kabla, na begi la asiyetokea hutafutwa na kushushwa kwa sababu za usalama.

Nimemwona mama mmoja akikimbia, paja la kuku mkononi limefungwa kwenye tishu, na geti limeshafungwa. Iliniuma sana.

Angalia kwanza saa ya kupanda, kisha muulize mhudumu kipi kiko tayari. Sambusa na chai huja upesi. Kuku wa kukaangwa ni wa kusubiri.