Mlalamikaji hafuti kesi ya jinai

Wengi huamini kwamba aliyepigwa au kuibiwa akishasamehe, kesi imekwisha. Familia zinakaa, fidia inalipwa, kisha mlalamikaji anakwenda kituoni “kufuta kesi”. Sivyo. Tazama hati ya mashtaka ya Tanzania: juu imeandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Aliyeumizwa ni shahidi. Jinai huhesabiwa kosa dhidi ya jamii nzima, ndiyo maana Ibara ya 59B ya Katiba imempa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka. Kweli, mahakama inaweza kuhimiza suluhu kwenye makosa madogo, mfano shambulio la kawaida. Ubakaji haumo kabisa, na inauma kuona wazazi wakiyamaliza ya binti yao sebuleni kwa bahasha ya pesa.