Leseni ya nesi Marekani: yanayosemwa na yalivyo

Karibu kila mwezi hunifikia ujumbe kutoka kwa muuguzi aliye nyumbani: "Dada, hiyo leseni ya Marekani naipataje?" Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa, RN. Nilisomea Kenya na sasa nafanya kazi Missouri. Swali lenyewe limebeba kosa la kwanza, basi nianzie hapo.

Dhana: Kuna leseni moja ya Marekani.

Hakuna. North Carolina ndilo jimbo lililotangulia kutunga sheria ya kusajili wauguzi, mwaka 1903, na mpaka leo leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya kila jimbo. Unachagua jimbo, unaomba kwa bodi yake, unatimiza masharti yake. Kilicho kimoja kwa nchi nzima ni mtihani, NCLEX-RN. Ukishaufaulu huurudii kwa sababu umehama. Unaomba leseni mpya kwa kuthibitisha ile uliyo nayo.

Hapo huulizwa, "Na ile ya majimbo mengi?" Ipo. Takriban majimbo 40 yameingia katika mkataba wa kutambuliana, na leseni hiyo hupewa mtu ambaye makazi yake yako katika mojawapo ya majimbo hayo. California, New York na Illinois hazimo. Nikisimama St. Louis, mji wa Missouri ulio mpakani, naiona Illinois ng'ambo ya mto Mississippi. Leseni yangu ni hiyo ya majimbo mengi: inanifikisha Texas, lakini hainivushi daraja la kwenda Illinois. Tena kinachohesabiwa ni mahali alipo mgonjwa. Akinipigia simu kutoka ng'ambo nimpe ushauri wa kiuguzi, nahesabiwa ninafanya kazi Illinois ingawa sijainuka kitini.

Dhana: Vyeti ninavyo mkononi, kwa hiyo niko tayari.

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Bodi nyingi hutaka masomo ya nje yakaguliwe kwanza, na mkaguzi hutaka rekodi zitoke moja kwa moja chuoni na kwenye baraza la wauguzi la nchi yako, bila kupitia mikononi mwako. Fomu yangu ilikaa chuoni miezi mitano. Nilimtuma mdogo wangu mara nne. Mara ya mwisho aliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karani alipogonga muhuri juu ya mkunjo wa bahasha mbele ya macho yake.

Wanachosoma ndani ya bahasha ni idadi ya saa: ulisoma kwa saa ngapi darasani na kwa saa ngapi wodini, kwa watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili. Pakiwa na pengo, utaambiwa ukalizibe. Kwa hiyo nakuomba, hata kama safari haipo akilini leo, kaombe mchanganuo wa saa zako wakati waliokufundisha bado wapo na mafaili bado yanaonekana.

Viza ni jambo jingine kabisa. Leseni haikupi viza, na viza haikupi leseni.

Dhana: Kompyuta ikikata mtihani kwenye swali la 85, umefaulu.

Tangu Aprili 2023 mtihani huu una maswali 85 hadi 150, kwa muda usiozidi saa tano. Ukijibu sawa linakuja gumu zaidi, ukikosa linakuja jepesi kidogo. Kwa kawaida hukatika pale kompyuta inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango au chini yake. Kukatwa mapema, basi, kunaweza kuwa kwa heri au kwa shari, na wapo wanaofika 150 wakafaulu. Usianze kulia kwenye maegesho.

Dhana: Cheti cha chuo si kitu, mradi ufaulu mtihani.

Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza vyeti bandia zaidi ya 7,600 kupitia vyuo vitatu vya Florida. Maelfu ya wanunuzi walifaulu NCLEX. Bodi za majimbo kadhaa zikaanza kuwafutia leseni.

Dhana: Ukikaa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, miaka mingi, unakuwa nesi.

Kazi ya CNA, ya kuogesha, kulisha na kugeuza wagonjwa, wengi wetu tumeipitia tukisubiri karatasi, na naiheshimu. Lakini miaka yake haigeuki kuwa leseni. Katika majimbo mengi kujiita nesi bila leseni ni kosa la kisheria, hata kama nyumbani ulikuwa nesi kweli.

Dhana: Nesi anatekeleza tu alichoandika daktari.

Chukua digoxin, dawa ya moyo. Daktari ameshaiandika na duka la dawa limeshaileta. Kabla sijampa mgonjwa, naweka stethoskopu kifuani pake na kuhesabu mapigo dakika nzima. Asubuhi moja nilihesabu 52. Kwa mtu mzima, chini ya 60 dawa hiyo huzuiwa, daktari aarifiwe. Ningempa akadhurika, bodi isingeridhika na jibu kwamba daktari aliandika. Ingeniita mimi niliyetoa, kwa jina lililo kwenye leseni. Nikampigia daktari, kisha nikaandika: mapigo 52, dozi imezuiwa, daktari ameambiwa, saa 2:10 asubuhi, na sahihi yangu.