Taj Mahal haiko Delhi

Watu wengi wanaokwenda Delhi, hasa wanaosindikiza mgonjwa hospitalini, hudhani watapitia Taj Mahal jioni moja na kurudi. Haiko huko. Iko Agra, zaidi ya kilomita 200 kusini; hata kwa treni ya haraka panga siku nzima. Na usiende Ijumaa, maana hufungwa kwa watalii.

Wala si kasri, kama wengi wanavyoiita. Ni kaburi, ambalo mfalme Shah Jahan alianza kumjengea mkewe Mumtaz Mahal mwaka 1632.

Kama una nusu siku tu, baki Delhi uende kwenye kaburi la mfalme Humayun. Huyu ni babu mkuu: Shah Jahan alikuwa kitukuu chake. Hapa mjane ndiye aliyemjengea mumewe, miaka ya 1560, na kuba lile la marumaru nyeupe juu ya mawe mekundu ndilo lililotangulia la Agra. Ingia ndani alasiri. Jua hupenya kwenye madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kimia, na vivuli vyake hutandazika sakafuni hadi miguuni pako. Mimi napapenda mno.