Yanase hakuanza kuchora akiwa na miaka 69

Nimetumiwa tena, kwa mara ya sijui ngapi, ule ujumbe wa kutia moyo unaodai kwamba Takashi Yanase, mchoraji wa Kijapani aliyembuni Anpanman, shujaa wa katuni za watoto mwenye kichwa cha skonzi, alianza kazi akiwa na miaka 69. Mimi huchora vitabu vya watoto kwa riziki yangu, na uzushi huu umenichosha.

Miaka 69 ndio umri aliokuwa nao Oktoba 1988, katuni hiyo ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kutumikia jeshi nchini China, kufanya kazi gazetini huko Kochi, Japani, na kubuni matangazo ya duka kubwa la Mitsukoshi, na mwaka 1953 aliacha mshahara ili aishi kwa kuchora manga, yaani vibonzo vya Kijapani. Mwaka 1961 aliandika maneno ya wimbo wa watoto ambao Wajapani wanauimba hadi leo.

Hata Anpanman mwenyewe ana umri mkubwa kuliko katuni yake ya televisheni. Katika hadithi ya mwaka 1969, iliyoandikwa kwa watu wazima, alikuwa binadamu wa kawaida anayeruka angani akiwagawia wenye njaa skonzi zilizojazwa maharage matamu. Ni katika kitabu cha picha cha mwaka 1973 ambamo kichwa chenyewe kiligeuka skonzi, na wenye njaa wakakila. Watu wazima waliona ni ukatili. Watoto walitaka wasomewe tena. Bado alikuwa mrefu, mwenye joho lenye viraka, na ilichukua miaka kadhaa mpaka akawa mfupi, mwenye kichwa cha duara ambacho mtoto anayejifunza kushika penseli anaweza kukichora bila msaada. Mabadiliko hayo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ujumbe ule unayoyafuta.

Yanase alieleza mara nyingi kwamba wazo lilitokana na njaa aliyoionja vitani. Namwamini, ingawa nakiri nina shaka kidogo na maelezo yanayokaa sawa namna hii, kwa sababu sisi wachoraji ni hodari sana wa kuzitafutia kazi zetu sababu baada ya kuzimaliza.

Anayehitaji nambari ya kutia moyo na achukue 1,768: ndio wahusika wa Anpanman waliohesabiwa na Guinness, kitabu cha rekodi za dunia, mwaka 2009, wakiwemo wengi walio vyakula.