Maana ya mgawanyo wa kazi kijinsia

Mgawanyo wa kazi kijinsia ni desturi ya jamii kuwapangia wanaume kazi hizi na wanawake kazi zile. Balaa huanza pale kazi za upande mmoja zinapoambatana na mali, na za upande wa pili zikabaki na jasho na hasara.

Itazame biashara ya dagaa Mwanza. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wanaume huingia ziwani na taa za kuvutia dagaa. Mitumbwi, nyavu na injini kwa sehemu kubwa ni mali ya wanaume. Alfajiri kina mama wanasubiri ufukweni na ndoo zao. Wananunua dagaa wabichi, wanaanika mchangani au kwenye chanja, wanageuza, wanafukuza ndege kutwa nzima, ndipo wapeleke sokoni. Pale Mwaloni, Kirumba, magunia hupakiwa kwenda mikoani na hata Kongo.

Sasa mvua inyeshe kabla dagaa hawajakauka. Wanabadilika rangi, wananuka, na bei inaporomoka mpaka ya chakula cha kuku. Mwenye mtumbwi keshalipwa. Aliyeanika ndiye anayebaki na deni. Jioni anarudi nyumbani kuchota maji, kupika na kuuguza, kazi ambazo hakuna daftari linaloziandika.

Kwa nini asinunue mtumbwi wake? Mtaji. Benki inataka dhamana, na hati ya kiwanja mara nyingi ina jina la mume, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Ni sheria nzuri, ila mama wa dagaa hana mwajiri wa kumdai. Akijifungua, anakula akiba yake.

Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo vikundi vya wanawake hutengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani. Kwa maoni yangu, huku ziwani fedha hiyo ielekezwe kwanza kwenye mitumbwi na nyavu za vikundi vyenyewe, kwa sababu mwenye chombo ndiye mwenye sauti bei ya ndoo inapopangwa alfajiri.