Mzee anayelimbikiza vitu: kwa nini hatuanzi na lori la taka

Jirani anapopiga simu halmashauri kulalamika kwamba nyumba ya bibi wa pembeni imejaa magazeti na nguo hadi mlango haufunguki, anachotaka ni lori lije leo leo. Namwelewa, maana harufu na panya ni vya kweli. Lakini mimi ni afisa ustawi wa jamii huku Uingereza, nahudumia wazee, na lori ndilo ninalolipinga kwanza.

Kulimbikiza vitu kupita kiasi ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeupa nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Hapa England, mwongozo wa Sheria ya Matunzo ya 2014 unauhesabu kuwa namna ya mtu kujitelekeza, kwa hiyo halmashauri haiwezi kusema tu "ni maisha yake". Papo hapo, Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 inasema uamuzi usio wa busara pekee hautoshi kuonyesha kwamba mtu hana uwezo wa kujiamulia. Kazi yangu yote iko katikati ya sheria hizo mbili.

Tukifika tunatumia picha 9 za chumba kilekile, kuanzia kilicho safi hadi kilichojaa karibu na dari. Namwomba mzee aonyeshe inayofanana na chumba chake. Mara nyingi anagusa ya 4 pale ninapoona ya 7, na mazungumzo yanaanzia kwenye pengo hilo. Kisha naita zimamoto. Wazee huwafungulia hao kwa urahisi kuliko sisi. Wanafunga king'ora cha moshi bure na kueleza kwa nini jiko lisizungukwe na makaratasi. Lengo la kwanza ni dogo: njia ya kupita kutoka kitandani hadi mlangoni.

Nguvu ipo. Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 inaruhusu halmashauri kuamuru nyumba chafu mno isafishwe, na mwenyewe adaiwe gharama. Kukiwa na hatari ya moto iliyo wazi, siibishi. La sivyo, tukitumia nguvu hiyo mzee anaomboleza vitu vyake, nyumba inajaa upya, na safari hii hafungulii mtu yeyote mlango.

Ninyi wenye mama au baba wa namna hii, msimsafishie nyumba akiwa amelazwa. Waambieni wauguzi mapema hali ya nyumbani, ili tarehe ya kuruhusiwa ipangwe pamoja nasi na yeye mwenyewe achague nini kitoke.